Upande wa Jike

Enzi zetu pale Pangani, mlango wa nyumba ulitunzwa kuliko sisi watoto. Wetu ulikuwa wa msaji, umechongwa maua na minyororo, na misumari ya shaba imejipanga kifuani. Idi ikikaribia tuliisugua kwa majivu na ndimu mpaka vidole vikachonyota, Mama nyuma yetu akikagua. Ukiruka mmoja, kaimati utazinusa tu.

Ulikuwa na pande mbili. Wa kulia, dume, ndio tuliopitia kila siku. Wa kushoto, jike, ulifunguliwa kwa mambo mawili tu: bibi harusi akitoka, au jeneza. Mtoto aliyegusa komeo lake alikula kofi. Mlango wa uani ulikuwa wa kuni na taka, na Mama alizoea kusema, "Mtu wangu hapitishwi uani." Siku ya harusi yangu alinifungulia jike kwa mkono wake, akaninong'oneza, "Na mimi siku yangu utanifungulia." Nikaitikia huku nalia.

Mume wangu akanileta Johannesburg. Wanangu, wazaliwa wa hapa Fordsburg, hodi hawaijui. Wanasimama getini kwa watu wakituma meseji. Mwaka 2016 wezi walituvunjia, na tangu hapo nikawa namuogopea Mama, peke yake nyuma ya mbao kuukuu. Nikampigia mdogo wangu Hamadi: ng'oa, weka chuma. Mama alikataa. "Mwanangu, huku mlango unalindwa na jirani." Nikalia kwenye simu hadi akachoka, akakubali. Fundi akaziba upande wa jike kwa matofali, akatia mlango mwembamba wa chuma. Ule wetu ukaegeshwa uani, mvua na mchwa wakagawana.

Mwaka 2018 Mama alifariki, na sikuwahi kufika. Hamadi alinipigia baada ya maziko. Nikamuuliza walivyomtoa.

"Dada, jeneza halikupita mbele. Tulimpitisha uani."

Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Zamani mlango mmoja wa mbao, wazi mchana kutwa, ulitutosha watu kumi na mmoja. Sasa nina geti, mlango wa chuma na kufuli tatu, na kila nikizifunga namkumbuka Mama. Maisha yake yote aliniomba jambo moja, nimfungulie, na mimi ndiye niliyeagiza matofali.