Jina Nililokatazwa Kuitikia

Nilikuwa mtoto wa miaka saba, enzi za Mwingereza, nilipolazwa katika hospitali ya serikali mjini Tabora kwa homa ya mapafu. Ninayoyakumbuka yanaelea: kuta nyeupe zinazonisogelea kisha zinarudi nyuma, harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, na bibi, mama yake mama, ameketi kando ya kitanda changu.

Bibi alikuwa na maelezo yake ya ugonjwa ule. Marehemu mama yake, Nyamizi, aliyewahi kufuata msafara kwa miguu hadi pwani na kurudi kijijini kwetu Ntalikwa akiwa mzima, alitaka jina lake nilirithi mimi. Lakini wazazi wangu wakanibatiza Anastazia.

"Mzimu umechoka kungoja," alininong'oneza. "Wakikuita lile jina la padri, usiitike. Itika Nyamizi tu."

Nami nilikuwa msikivu kupita kiasi. Siku hiyo zamu ilikuwa ya dresa mgeni, msaidizi wa daktari asiyenijua kwa sura. Alisimama mlangoni na karatasi yake, akiita wagonjwa wa sindano.

"Anastazia!"

Nikanyamaza. Bibi akatazama ukuta. Dresa akadhani nimeruhusiwa kwenda nyumbani, akaita jina lingine. Jioni ikawa vilevile.

Asubuhi iliyofuata niliona msafara ukipita katikati ya wodi, watu na mizigo yao kichwani, wanatembea taratibu bila kishindo. Mwanamke wa mwisho akanipungia mkono. Sikuogopa hata kidogo. Nilitamani kwenda naye. Nikamwambia bibi, nikidhani atafurahi, "Nyamizi amekuja kunichukua."

Sijapata kumwona mtu mzima akishtuka vile. Alikimbia akamvuta dresa kwa mkono wa koti.

"Baba, mgonjwa wako huyu hapa! Mchome!"

"Mbona jana hakuitika?"

"Nilimkataza mimi."

"Nitajuaje kuwa ndiye, bibi? Sharti aitike jina lake."

Bibi akapiga magoti. Jina lile hakuwahi kulitamka tangu nizaliwe, na ulimi ulimgomea. "Anasitasia," alisema, machozi yanamtoka. "Anasitasia, itika mwanangu."

"Abee," nikasema.

Wanangu wakisikia habari hii husema bibi nusura aniue kwa ushirikina wake. Siwabishii, sindano ndiyo iliyoniponya, na hasira kidogo ninayo mpaka leo. Ila mama aliniambia jambo moja nilipokuwa mkubwa. Bibi aliamini kabisa kwamba mzimu ukinyimwa jina humgeukia aliyeunyima. Tuliporudi nyumbani alifua nguo zake zote, akamwonyesha mama sanda alipoiweka, akajilaza kungoja kuugua. Hayo yote aliyajua alipopiga magoti pale wodini, na bado akaniita.