Lengo la Kumi na Nne Lilipopakwa Njano

Boitshepo Motlhagodi hakuwa mtu wa kuamini karatasi. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mkaguzi wa serikali mjini Gaborone, na katika miaka hiyo aliwahi kupanda ngazi kuhesabu mabati ya shule, na aliwahi kunywa maji ya bomba lililosemekana limeunganishwa, mpaka akaugua tumbo. Wenzake walimtania wakimwita Mma Nionyeshe, yaani Bibi Nionyeshe. Hakuchukia. Alikuwa mjane, binti yake ameolewa Francistown, na mguu wake wa kushoto ulimsumbua kila baridi ya Juni ilipoingia.

Ndiyo maana wakampa ile tathmini. Serikali ilikuwa na mkakati wa miaka mitano wa usalama wa mtandao, wenye malengo ishirini na mawili, na mwaka wa tatu ulikuwa umefika. Kila lengo lilipewa rangi: kijani limekamilika, njano linaendelea, nyekundu halijaanza. Lengo la kumi na nne lilitaka kila hospitali ya wilaya iwe na nakala ya kumbukumbu za wagonjwa, kwenye mashine iliyotengwa na mtandao, ili siku wahalifu wakiufunga mfumo, waganga wasibaki wakipapasa gizani. Wizara ilikuwa imejaza kijani kwa hospitali zote.

Boitshepo akaenda kuona. Hospitali ya tatu ilikuwa huko magharibi, mwendo wa saa sita, katika mji mdogo wa mchanga na miiba. Mtunza kumbukumbu wake aliitwa Kelapile Ntsima, mtu mwembamba wa makamo, aliyevaa sweta lililofumwa kwa mkono.

"Mashine ya nakala iko wapi, Rra?" Boitshepo aliuliza, akimwita Bwana kwa Kitswana.

"Unataka kuiona, Mma, au unataka niseme ipo?"

"Nimetoka Gaborone na mguu mbovu. Nataka kuiona."

Ntsima akacheka, akachukua funguo. Katika stoo, nyuma ya magodoro yaliyochanika, palikuwa na boksi kubwa lenye lakiri ya wizara, halijafunguliwa, vumbi limelala juu yake.

"Bwana harusi ndiye huyo," alisema. "Mwaka wa pili huu anangoja bibi."

Alikuwa hana ruhusa ya kulifungua. Fundi alitakiwa atoke wizarani, na Ntsima alikuwa ameandika barua saba kumwomba. Nakala zote alizitunza, kila moja na muhuri wa kupokelewa. Boitshepo alilipiga boksi picha, akapitisha kiganja juu yake, akachukua vivuli vya barua. Kisha wakanywa chai na magwinya, yale maandazi ya kwao, wakazungumza habari za ng'ombe na mvua iliyogoma kama watu waliojuana zamani.

"Uandike, Mma," Ntsima alimwambia akiwa ameshika mlango wa gari. "Mimi nimeandika mpaka kalamu inanionea huruma."

"Nitaandika."

Na kweli aliandika. Nyekundu. Siku mbili baadaye mkuu wa kitengo chake, Rra Modisaotsile, alimwita.

"Mma, nyekundu maana yake halijaanza. Kifaa kimenunuliwa, kimesafirishwa, kimefika. Hapo hapajaanza kitu?"

"Kiko kwenye boksi, Rra."

"Kiko hospitalini. Wizara wanasema kijani, wewe unasema nyekundu. Tukutane katikati. Ripoti inasomwa Ijumaa."

"Na picha zangu?"

"Ziweke kwenye kiambatisho. Nani kakukataza?"

Alikataa kwa siku mbili. Zilibaki siku chache kufika Ijumaa na miezi kumi na minne kufika kustaafu, na alikuwa amechoka kuwa mfupa kwenye koo la kila mtu. Alijiambia kwamba njano si uongo, ni upole wa kusema. Akatia sahihi. Ripoti ilipotoka, kiambatisho hakikuwamo. Walisema ilikuwa ndefu mno. Hakuuliza zaidi.

Jumatatu moja ya Februari, kompyuta za hospitali ya Ntsima zilifunguka na maandishi ya wahalifu wakidai fidia. Mafaili yote yalifungwa kwa siku kumi na moja. Siku ya nne aliletwa Oratile Phuti, mwanamke wa miaka ishirini na minne, ana homa ya uzazi. Faili lake lilikuwa na onyo kuhusu sindano fulani iliyowahi kumvimbisha koo alipokuwa msichana. Mwenyewe alikuwa anaweweseka, na dada aliyemleta hakujua. Muuguzi akauliza alichoweza kuuliza, akamchoma. Kabla ya adhuhuri Oratile alikuwa amekufa, ameacha kitoto cha siku tisa.

Wiki ya mazishi fundi alifika kutoka wizarani. Kuisimika ile mashine ya nakala kulimchukua asubuhi moja.

Ikaundwa tume. Waliisoma ripoti, wakakuta imeandikwa kwamba kazi inaendelea. Kama inaendelea, basi aliyezembea ni yule aliyekuwa kazini pale, na Ntsima akasimamishwa. Boitshepo aliisoma habari hiyo gazetini, kwenye foleni ya benki, akatoka bila kuhudumiwa.

Alipoitwa kutoa ushahidi, Modisaotsile alimpigia simu. "Mma, jibu unachoulizwa tu."

"Nitajibu ninachoulizwa, Rra."

Mwenyekiti wa tume akamwonyesha ukurasa. "Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Uliiona kazi ikiendelea?"

"Sikuona kazi. Niliona boksi."

"Kwa nini basi uliandika hivyo?"

"Niliambiwa tukutane katikati, nikakubali. Hakuna aliyenishika mkono."

Akatoa picha na zile barua saba, akaziweka mezani moja moja. Katika benchi la mbele alikuwa amekaa mama yake Oratile, mtoto amefungwa mgongoni. Alitazama sakafu tangu mwanzo mpaka mwisho.

Tume ilimsafisha Ntsima, lakini cheo chake kilikuwa kimeshapewa mtu mwingine, na wizara haikuwa na haraka ya kumtafutia kingine. Modisaotsile alihamishiwa ofisi nyingine kwa cheo kilekile. Boitshepo alipewa onyo la maandishi, naye akaomba kustaafu mapema.

Mwezi wa Mei aliendesha gari mpaka kwenye zizi la ng'ombe la Ntsima, nje ya ule mji. Alimkuta akijaza maji kwenye hori.

"Nimekuja kukuomba radhi, Rra."

"Barua zangu zilisomwa?"

"Zote saba."

"Vyema." Aliendelea kumimina. "Wale wakubwa siwalaumu sana, Mma. Hawakuliona lile boksi. Wewe uliligusa kwa mkono wako."

Boitshepo alisimama juani mpaka ng'ombe wa mwisho alipomaliza kunywa na kwenda zake.

"Nyumbani kwa mama yake Oratile ni wapi?" aliuliza.

Ntsima alimwangalia kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Ni mtaa wa pili ukitoka kanisani, geti la bluu. Nilikwenda. Hanifungulii mlango, na wewe hatakufungulia."

"Nitabisha hivyo hivyo."

"Haya, nenda. Mimi nina ndoo zangu."