Uso wa Mama Latifu Mbele ya Kamera

Mwanaharusi binti Kombo wa Mlingotini hakuwa mtu wa kuficha wivu. Wenzake wa shamba la mwani walimjua hivyo tangu usichana: akipenda, anapenda kwa kelele, na akiingiwa na kijicho hajui kukaa nacho kimya. Kwa hiyo mumewe, Twalib, fundi wa kujenga nyumba, alipokwenda kuoa mke wa pili huko Zinga, wanawake wale walingoja moto uwake. Haukuwaka. Mwanaharusi alipokea habari, akampelekea bibi harusi doti ya kanga, akaendelea kufunga mbegu zake za mwani kwenye kamba kana kwamba hakuna lililotokea. Wivu ulikuwa umezama ndani, na huko ndani ulikuwa haulali.

Mke mdogo aliitwa Jasmin. Alikuwa na duka la nguo Zinga, pale barabarani. Mtu wa adabu, sauti yake taratibu, mweupe wa kuzaliwa. Mara ya kwanza alipokuja Mlingotini kumsalimia mke mwenziwe aliinama akasema, "Shikamoo dada," kisha akapokea kikombe cha chai kwa vidole laini ambavyo havijawahi kukatwa na kamba wala kuliwa na chumvi. Mwanaharusi aliitikia marahaba. Alivitazama vile vidole, akautazama na ule uso. Kesho yake alikwenda Bagamoyo mjini, akaingia kwa muuza vipodozi, akatoka na kopo la mkorogo, krimu ya kujichubua, limefichwa chini ya mtandio.

Akajipaka asubuhi, akajipaka jioni. Akawa haendi mwanini jua likiwa kali. Uso ukaanza kufunguka, ukang'aa, mashoga wakamsifu mbele yake na kunong'ona nyuma yake. Twalib alikuja zamu yake, akala, akauliza habari za paa linalovuja, akalala. Hakusema kitu. Mwanaharusi akaongeza kiasi.

Ndipo mwanawe, Abdullatif, aliyekuwa akifanya kazi kwenye meli za mizigo, akapiga simu kusema kwamba anawapeleka baba na mama Umra. Mwanaharusi alilia mpaka jirani wakadhani kuna msiba. Hakuwahi kupewa kitu kikubwa kama kile. Yeye na mume wake mbele ya Nyumba ya Mungu, na Zinga iko mbali huko nyuma! Alikwenda kupiga picha ya pasipoti siku ambayo uso ulikuwa umetakata kuliko siku zote. Mpiga picha akamwambia, "Mama, hapa umetoka kweli." Mwanaharusi aliitazama ile picha mpaka akaona haya mwenyewe.

Furaha haikukaa sana. Twalib aliuza kiwanja chake cha Makurunge, akaja Mlingotini, akaketi kibarazani akichorachora chini kwa kijiti.

"Mama Latifu," alisema, "na Jasmin tutakwenda naye. Dini inanitaka niwafanyie uadilifu."

"Hiyo ni safari ya mwanangu, Baba Latifu."

"Ya Jasmin nalipa mimi."

"Ndicho kinachoniuma," alisema Mwanaharusi, akaingia ndani.

Haukupita muda uso ukaanza kuwasha, kisha ukababuka. Zahanati walimwambia aache kujipaka mara moja, naye akaacha. Weupe ukaondoka vipandevipande. Paji la uso likarudi jeusi, mashavu yakabaki na mabaka, na chini ya macho pakawa kama pamepakwa masizi. Akaanza kuvaa nikabu. Wanawake wa mwani wakasema Umra imemwingia kabla hajaondoka, naye akawaacha waamini hivyo. Hata Twalib alipokuja alimkuta na mtandio umeshushwa hadi kwenye nyusi na taa imepunguzwa.

Siku chache kabla ya safari, Ustadhi Muhidini, kiongozi wa msafara, aliwakusanya watu wake awafundishe. "Mwanamke akishanuia," alisema, "hafungi nikabu wala hajipaki manukato. Na kwenye ihramu, tangu kunuia mpaka kukata nywele, hakuna ugomvi. Mwenye la kugombana agombane leo, amalize."

Watu walicheka. Mwanaharusi hakucheka. Poda aliyoinunua ili kuyafunika mabaka ilikuwa inanukia waridi.

Ndani ya ndege Twalib alikaa kati, mke huku na mke huku. Walipokwisha kunuia, Mwanaharusi alifungua uso wake, akaugeuzia dirishani. Twalib alichoka, akasinzia. Kichwa chake kikaanza kuinama, na Mwanaharusi akakifuata kwa jicho la pembeni aone kinakwenda wapi. Kikaenda kwa Jasmin. Kilitua begani kwake taratibu kama mtu aliyefika nyumbani, na Jasmin hakukiondoa. Mwanaharusi alitaka kumchoma mtu kiwiko, yeyote kati ya wale wawili. Akakumbuka nia yake, akaanza kuleta talbia, *Labbayka Allahumma labbayk*, kwa nguvu kiasi kwamba abiria wa mbele aligeuka.

Ndege ilitua asubuhi. Walipanga foleni kwenye ukumbi mpana wenye sakafu inayoteleza kwa usafi, na mwisho wa foleni kulikuwa na vibanda vya maofisa wa uhamiaji. Kila kibanda kilikuwa na kamera ndogo, ukubwa wake kama ngumi ya mtoto, na chini yake kioo cha kuwekea vidole. Msafiri anasimama, anaitazama kamera, mashine inaulinganisha uso wake na picha ya pasipoti, anapita.

Twalib alitangulia. Kamera ilimtazama, taa ya kijani ikawaka, akapita. Jasmin akafuata. Alirekebisha ushungi, akainua kidevu, na kabla hajamaliza kuvuta pumzi taa ya kijani ikawaka. Ofisa akamwambia neno kwa tabasamu.

Hata mashine imempenda, aliwaza Mwanaharusi.

Akasogea yeye. Akaitazama kamera. Taa nyekundu. Ofisa akamwashiria arudie, asogee, asimame sawasawa. Nyekundu. Akamwonyesha kioo cha vidole. Mwanaharusi akaweka vinne vya kulia, kisha vya kushoto, kisha akavifuta kwenye nguo na kuviweka tena, lakini miaka ya kamba na maji ya chumvi ilikuwa imeilainisha mistari ya vidole, mashine haikuona cha kusoma. Ofisa akaitazama pasipoti, akamtazama yeye, akaigeuza pasipoti kumwonyesha mwenzake wa kibanda cha pili.

Ng'ambo ya mstari Twalib na Jasmin walikuwa wamesimama bega kwa bega wakimtazama. Askari akawaashiria wasizuie njia. Wakaondoka pamoja, Twalib amevaa shuka zake mbili nyeupe za ihramu, mwenziwe akivuta sanduku, kama maarusi waliokuja fungate. Mwanaharusi aliwafuata kwa macho mpaka ukuta ukawameza. Hofu ya kurudishwa ilikuwapo, lakini haikuwa ya kwanza. La kwanza lilikuwa kwamba wanakwenda, na yeye amebaki.

Alipelekwa kwenye chumba kidogo chenye meza na viti vinne. Ofisa wa kike, mtu mzima mwenye miwani, aliiweka pasipoti wazi juu ya meza. Ustadhi Muhidini aliitwa aje kutafsiri.

"Anauliza, huyu kwenye picha ni nani?"

"Ni mimi."

"Anasema mashine inakataa. Anauliza kama una dada."

"Sina dada, ustadhi, na wewe unajua. Mwambie ni mimi."

"Anataka kujua uso umepatwa na nini."

Mwanaharusi aliitazama ile picha. Mwanamke wa kwenye picha alikuwa mweupe, laini, anajiamini, na kwa mara ya kwanza alimwonea wivu hata yeye.

"Ugonjwa," alisema.

"Ugonjwa gani?"

Alivuta mtandio karibu na mashavu. Ofisa akasubiri, kisha akaagiza mumewe aletwe.

Twalib aliingia amekunja uso. Ofisa akamwonyesha picha, akamwonyesha mkewe.

"Ndiye," alisema Twalib. "Mke wangu wa kwanza, mama wa mwanangu."

"Anauliza, kwa nini amebadilika?" alisema Ustadhi.

Twalib alitazama picha. Akamtazama Mwanaharusi, kwa makini, kama anavyotazama ukuta kuona umenyooka au haukunyooka. "Amebadilika wapi?" alisema. "Mimi namwona yuleyule."

Hakuwa anamtetea. Mwanaharusi alimjua vya kutosha kutambua hilo. Kweli alikuwa haoni. Makopo yote yale, kujificha jua, kuwashwa mpaka machozi, na mtu mwenyewe hakuona alipokuwa mweupe wala aliporudi mweusi.

"Anasema hiyo haitoshi," Ustadhi aliendelea. "Una picha zake nyingine kwenye simu? Za zamani na za karibuni."

Twalib akatoa simu, akaanza kupekua. Mwanaharusi alikuwa amekaa mahali ambapo anaona. Msingi wa nyumba. Mifuko ya saruji. Jasmin dukani. Paa la mtu. Jasmin amekaa kwenye pikipiki, anacheka. Mchanga. Jasmin na kanga ile aliyopelekewa na mke mwenziwe. Twalib alipekua mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akajifuta jasho.

"Nitakuwa nazo nyumbani," alisema.

"Acha, Baba Latifu," alisema Mwanaharusi. Sauti ilimtoka ndogo. "Usitafute."

Kisha mlango ukagongwa, na askari akamwingiza Jasmin, aliyekuwa amekataa katakata kuendelea mbele kwenye mizigo. Ustadhi akamweleza kinachotakiwa. Jasmin alisita. Aliangalia chini, akamwangalia Mwanaharusi, akaingiza mkono kwenye mkoba.

"Mimi ninazo," alisema.

Alikuwa nazo nyingi. Mwanaharusi mweusi wa zamani, ameketi kwenye arusi ya jirani akigeuka kumwita mtu. Mwanaharusi anamimina chai. Mwanaharusi ameanza kung'aa, kwenye maulidi, pembeni mwa picha. Mwanaharusi mweupe kabisa, ubavuni mwa mlango wake, hajui kama anapigwa picha. Mwanaharusi akianua nguo, mtandio umemtoka, mabaka waziwazi mashavuni. Ofisa alizipitisha moja baada ya nyingine, akaweka ya arusi kando ya uso ulio mbele yake, akaweka ile nyeupe kando ya pasipoti. Akavua miwani. Akasema maneno kwa upole.

Ustadhi alikohoa. "Anauliza, ni krimu?"

Wote walimtazama Mwanaharusi.

"Ndiyo," alisema. "Ni krimu."

"Krimu gani?" aliuliza Twalib.

Ofisa aliongea tena, na safari hii Ustadhi hakutafsiri mara moja. "Anasema mdogo wake naye alijiunguza hivyohivyo. Anauliza… anauliza kama ulifanya kwa ajili ya mwanamume."

"Mwambie hapana," alisema Mwanaharusi. "Mwambie nilifanya kwa ajili ya mwanamke." Akamwelekezea kidole Jasmin.

Ustadhi akatafsiri. Ofisa aliwatazama wale wawili, akamtazama na Twalib aliyekuwa bado ameshika simu yake, akatikisa kichwa. Alimpiga Mwanaharusi picha mpya kwa mashine yake, akaandika kwenye kompyuta, akagonga muhuri.

Kwenye basi Mwanaharusi hakukaa na mume. Alikaa na Jasmin.

"Picha zangu zile ulikuwa unafanyia nini?"

"Dada, tuko kwenye ihramu."

"Sigombi. Nauliza."

Jasmin alikunjakunja ncha ya ushungi. "Nilikuwa nakupiga picha kwa siri kila nikija. Nikikaa peke yangu dukani nazikuza, nakutazama. Natafuta una nini. Maana Baba Latifu akiugua homa, kwangu hataki kulala. Anasema, 'Nipeleke kwa Mama Latifu.' Akifiwa, kwako. Akiwa na neno zito, kwako. Kwangu anakuja kucheka tu. Nikaona unazidi kuwa mweupe, nikasema basi, nimekwisha."

Mwanaharusi alisikia kitu kitamu kikimpanda kifuani, akakiachia kidogo. Kumbe naye analia na lake! Lakini utamu ule haukufika mbali, kwa sababu neno moja lilibaki limemnasa: kwangu anakuja kucheka. Alijaribu kukumbuka ni lini Twalib alicheka Mlingotini. Hakukumbuka.

"Ni bora ungenitukana," alisema, akageukia dirishani.

Walifanya Umra yao. Walitufu mizunguko saba, wakaomba, wakatembea baina ya vilima, na kwenye msongamano Jasmin alimshika mkono asipotee, naye hakuutoa. Aliomba mengi mbele ya Nyumba ya Mungu. Aliomba aondolewe wivu, na hapohapo akachungulia aone Jasmin anaomba nini mpaka machozi yanamtoka.

Walipomaliza, wanaume walikwenda kwa kinyozi. Wanawake walirudi chumbani hotelini kukatana nywele, maana bila hivyo mtu hajatoka kwenye ihramu. Mwanamke hukatwa kidogo, kiasi cha ncha ya kidole, yatosha. Mwanaharusi alishika mkasi. Jasmin akaketi kitandani, akavua ushungi, akazimwaga nywele zake mgongoni. Zilikuwa nyeusi, nzito, zimefika kiunoni. Mwanaharusi hakuwahi kuziona zikiwa wazi.

Alizikusanya mkononi. Akapima ncha ya kidole. Akaupandisha mkasi kidogo. Akaupandisha tena. Akakata.

Kilichoanguka kwenye shuka kilitosha kusukwa. Jasmin alikiokota, akakiweka kwenye kiganja, akakitazama.

"Dada," alisema taratibu, "hiki ni kidole cha nani?"

Mwanaharusi alitaka kuomba radhi. Kilichomtoka ni kicheko, cha nguvu, cha mtu aliyekizuia kwa miaka, na Jasmin naye, ingawa macho yalikuwa yamejaa, akajikuta anacheka. Kisha Jasmin akasimama, akafuta uso, akanyoosha mkono.

"Nipe mkasi," alisema. "Sasa kaa wewe."

Mwanaharusi alimpa. Akaketi, akafungua mtandio wake pole pole, na akaanza kuleta dua zote anazozijua.