Taa ya Buluu Iliyonisaliti Birmingham

Nilifunga safari kwa jambo moja tu: kuthibitisha kwamba taa yetu ndogo ya buluu ni ya kweli. Mimi na Rehema, mwenzangu wa maabara Dar es Salaam, tuliitengeneza kwa perovskaiti, fuwele zinazotoa mwanga umeme unapopita. Nyekundu na kijani za aina hii zinawaka vizuri. Buluu ndiyo inayowatoa watafiti jasho, na bila buluu hupati skrini ya rangi zote. Makala yetu ilikuwa tayari. Ilibaki maabara moja ya Birmingham, Uingereza, ipime, kisha tuitume kwenye jarida. Kichwa kilikuwa kimeshaanza kunivimba.

Uwanja wa ndege wa Dar, askari aliuliza vipande vile vya kioo ni vya nini. "Ni taa," nikasema. Akavigeuzageuza. "Mama, taa gani hizi hazina hata waya?" Akaniruhusu huku akicheka.

Kutoka London nilipanda basi hadi Digbeth, kituo cha mabasi cha Birmingham. Wanjiku, mtafiti Mkenya aliyenialika, alikuwa kituoni na koti la ziada mkononi. "Karibu, Daktari. Vaa hii, baridi ya huku haina heshima." Nyumbani kwake, mtaa wa Winson Green, nilikula ugali na sukuma, nikalala fofofo.

Asubuhi tukaingia maabara. Wanjiku alifunga kipande cha kwanza kwenye kifaa, akawasha. Buluu! Nilipiga makofi peke yangu. Kipimo kiliposomeka, nikanyoosha mkono nizime.

"Aa, wacha iwake," akasema. "Twende tukunywe chai kwanza. Hapa hatuzimi haraka, tuna-check kama color inakaa."

Nilishangaa. Kwetu umeme hukatika ovyo na sampuli ni chache, kwa hiyo tumezoea: washa, soma, zima. Taa zetu tulizionea huruma.

Tuliporudi, taa ilikuwa kijani. Kijani kabisa, kama mchicha.

"Nani ameigusa?" nikafoka.

"Hakuna mtu ameigusa, Daktari. Mmechanganya bromidi na kloridi ndio mpate buluu, sivyo? Current ikipita kwa muda, hizo zinaachana. Pale bromidi imejazana ndio panatoa green."

"Washa nyingine!"

Nayo ikageuka. Ya tatu vilevile. Nilikaa kitini, nikashindwa hata kumtazama mwenyeji wangu. Miezi yote ile tulikuwa tumeona mwanzo wa mwanga tu, tukauita ushindi.

Jioni nilimpigia Rehema nikamwambia makala haiendi popote.

"Yote?" akauliza.

"Yote."

Wanjiku hakunibembeleza. Alinipa chai, akaeleza kwamba wao wanajaribu kuiacha kloridi kabisa na kutumia bromidi peke yake, katika tabaka nyembamba mno. "Ni ngumu sana," akasema, "lakini hapo hakuna wawili wa kuachana."

Nimerudi Dar bila ushindi. Nilichojifunza ni kwamba kuionea huruma kazi yako ni njia ya kujidanganya. Wiki hii Rehema amewasha taa mpya isiyo na kloridi. Ikawaka buluu, hafifu, lakini buluu. Mkono wake ukaenda wenyewe kuzima, nikaudaka.

"Tuiache mpaka lini?" akauliza.

"Mpaka ituaibishe."

Tukavuta viti, tukakaa kuitazama, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kupiga makofi.