Jina Alilolitaja Mama

Nilipokuwa mtoto, kule Masaki wilayani Kisarawe, ugonjwa wa mtoto mdogo ulitafutiwa mkosaji kwanza, dawa baadaye. Degedege ilikuwa na mkosaji wake, kuchelewa kutembea kulikuwa na mkosaji wake, na mtoto anayenyonya akivimba mwili, hapo hata mjadala haukuwepo. Kabemendwa. Neno hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Maana yake ni kwamba mmoja wa wazazi ametembea nje ya ndoa wakati mtoto bado yuko kwenye ziwa, na uchafu wa tendo lile umemwingia mtoto. Nasema mmoja wa wazazi kwa sababu ndivyo wakubwa walivyolieleza. Lakini kwa miaka yote niliyokaa kijijini pale, sikuwahi kuona baba akiulizwa.

Mdogo wangu Sefu alikuwa amepita miaka miwili na bado hajaachishwa. Mimi nilikuwa na tisa. Asubuhi moja aliamka kope zimejaa, macho yamebaki mistari miwili. Mama akadhani kaumwa na mdudu. Kufika mchana uso ukapungua, tukasahau. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa, na baada ya wiki uvimbe ukawa umeshuka mpaka miguuni. Ukimbonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nambonyeza kwa kujifurahisha, natazama shimo linachukua muda gani kujaa.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kumpeleka kukojoa nyuma ya jiko. Huko ndiko nilikoona kwamba mkojo wake umekuwa na povu, tena si povu la kupasuka mara moja. Linakaa juu ya mchanga kama la sabuni ya unga. Nikaenda kumwambia bibi.

Bibi, mama yake baba, ndiye aliyejua dawa za watoto pale kwetu. Watu walimjia kutoka vijiji vya jirani wamebeba watoto wao mgongoni, na wengine walipona kweli, siwezi kumnyima haki hiyo. Alikuja nyuma ya jiko, akainama, akalitazama lile povu mpaka likakauka. Kisha akamwita shangazi Tatu.

"Njoo uone mwenyewe," akamwambia.

Shangazi akatazama, akaguna. Wakaangaliana. Nilifurahi sana siku ile. Niliona nimegundua jambo kubwa.

Alasiri hiyohiyo mama aliketishwa kwenye mkeka uani, miguu kainyoosha, Sefu mapajani. Bibi akakaa mbele yake na shangazi pembeni. Mimi nilikuwa natwanga kisamvu, hakuna aliyenifukuza.

"Mkamwana," bibi akaanza, kwa sauti ya upole, "mimi sikugombezi. Mtoto wangu, na wewe wangu. Nitajie jina tu. Dawa haishiki kama jina halijatajwa."

"Mama, sina jina la kutaja."

"Jina lipo. Mtoto havimbi mwenyewe."

"Wallahi sina."

"Usiape juu ya kichwa cha mtoto," shangazi akamkata.

Upole ule wa bibi ndio ninaoshindwa kuusamehe hadi leo. Angefoka, ningemweka kwenye fungu la watu wabaya nikamaliza. Lakini bibi alimpenda Sefu kupita kiasi. Alikuwa anamtafunia samaki na kumtolea miiba, na usiku akikohoa yeye ndiye wa kwanza kuamka. Alimtesa mama kwa moyo mweupe kabisa. Nimekuja kuona ukubwani kwamba ukatili wa namna hiyo hauchoki, kwa kuwa anayeufanya anajiona anahangaika kwa wema.

Baba hakuwepo. Alikuwa mchoma mkaa, akiingia porini hukaa wiki mbili. Kule porini kulikuwa na mwanamke aliyewapikia wachoma mkaa, na baba alimuoa kabla mwaka haujaisha. Nalisema hapa kwa sababu wakati ule hakuna aliyelisema.

Siku mbili baadaye mama alinichukua kama tunakwenda shamba, Sefu mgongoni, tukakata njia mpaka zahanati. Nesi alimbonyeza mguu, akamfunua kope, akauliza maswali mawili matatu, kisha akaandika karatasi.

"Mimi hapa sina kipimo," alisema, "ila naona kama figo. Hii ni barua ya rufaa. Mpeleke Kibaha, mama. Usikae nayo nyumbani."

Mama aliikunja ile karatasi ndogondogo akaifunga kwenye pindo la kanga. Aliporudi baba, akamwonyesha. Baba akaisoma, kisha akampa bibi, ambaye hakujua kusoma. Bibi aliishika kidogo akairudisha.

"Huko watamchoma sindano," akasema. "Mtoto aliyebemendwa akichomwa sindano kabla jina halijatajwa, hageuki ubavu. Nimeona watatu. Nimewazika."

Hapo ndipo palipokuwa na kufuli. Watoto wale watatu, naamini, walipelekwa hospitali wakiwa wameshakwisha, sindano ikakuta maiti inayopumua. Lakini nani angemwambia bibi vile? Alikuwa na makaburi matatu ya kuonyesha, na mama alikuwa na kipande cha karatasi.

Baba akamgeukia mama. "Umesikia. Taja, kisha twende huko hospitali kwako."

Kuanzia siku ile Sefu alilala na shangazi, mama akimchukua kwa kunyonyesha tu. Waliogopa asitoroke naye. Na kwa kuwa jina lilikuwa halijatoka, bibi akaamua kuupunguza uchafu kwa njia nyingine. Alichukua wembe mpya, akamchanja chale miguuni, safu mbili kila mguu. Haikutoka damu ya maana. Yalitoka maji, meupe, yakachuruzika mpaka yakalowesha mkeka, na hayakukoma siku hiyo wala siku ya pili. Bibi alifurahi. "Unatoka," alisema. Sefu hakuweza tena kulia kwa sauti. Tumbo lilikuwa limejaa mpaka kitovu kimechomoza, na akilia ilisikika pumzi tu.

Siku ya nne tangu achanjwe, mama aliniita shambani. Alikuwa anang'oa mihogo wala hakuacha kung'oa wakati anaongea.

"Zuhura, leo nitawatajia jina. Juma. Utingo wa lori linalobeba mkaa. Wakikuuliza, sema ulimwona akiingia ndani."

"Juma yupi, mama?"

"Hayupo."

"Sasa kwa nini tumtaje?"

"Kwa sababu mtu asiyekuwepo hawezi kupigwa."

"Na wewe je?"

Akakung'uta mchanga kwenye muhogo. "Mimi nipo," akasema.

Sikuelewa. Nilichoelewa ni kwamba likitajwa jina, Sefu atakwenda Kibaha. Hilo lilinitosha.

Alasiri wakakaa tena kwenye mkeka, safari hii na baba. Mama alilitaja lile jina akitazama chini. Bibi akasema "Alhamdulillahi," akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Baba akageuka. Alinitazama mimi.

"Zuhura. Ulimwona huyo mtu?"

"Nilimwona," nikajibu. "Alivaa fulana nyekundu."

Hakuna aliyekuwa ameniuliza habari ya fulana. Mama mwenyewe hakuniagiza. Niliiongeza ili wasitie shaka, na kweli hawakutia. Nikiwa mtu mzima nimejaribu kujidanganya kwamba uongo ule ulikuwa wa mama, mimi nilitumwa tu. Fulana nyekundu ni yangu.

Baba alimpiga mama kofi moja la kumwangusha, na angeendelea kama bibi asingemshika mkono. "Mwache. Kashasema. Mtoto kwanza," bibi alisema. Akachemsha majani yake, akamwogesha Sefu, akamfunga kitambaa kiunoni, akasema sasa hata sindano ruksa. Asubuhi tukapanda pikipiki, baba akiwa mbele na sisi kwenye pikipiki ya pili, mpaka palipo na gari la Kibaha. Nilichukuliwa nikabebe mkoba.

Daktari aliyetupokea alikuwa msichana, macho yamemwiva kwa uchovu. Alichovya kijiti kwenye mkojo wa Sefu, kikageuka kijani. Aliuliza kama mkojo una povu, nami nikasema ndiyo, tangu zamani. Akanitazama, akaniambia nina macho mazuri. Kisha akafunua miguu akaona zile chale, maji bado yanavuja na pembeni pameanza kuoza.

"Nani kamfanya hivi?"

Mama akavuta pindo la kanga akazifunika.

"Nyie akina mama mna roho gani? Mtoto figo zinavuja, anapoteza lishe yote kwenye mkojo, nyie mnamkatakata na wembe! Mnakaa naye ndani mpaka anaoza ndiyo mnatuletea sisi. Ungemleta mapema asingefika hapa."

"Nisamehe, daktari," mama akasema.

Baba alikuwa amesimama pale mlangoni. Barua ya rufaa ilikuwa mezani, imekunjika makunyanzi, na tarehe yake inasomeka. Daktari hakuisoma tarehe na baba hakufungua mdomo. Katika watu wote wa nyumba yetu, aliyetaka kumleta mtoto mapema alikuwa mmoja, na ndiye aliyeomba radhi.

Sefu alilazwa wiki tatu. Walimpa dawa za kidonda, wakampa vidonge vidogo vyeupe vya asubuhi, wakakataza chumvi. Alikojoa, jamani, alikojoa kama ng'ombe, na kila siku mama alinionyesha sehemu ya mwili iliyorudi: leo vifundo vya miguu, kesho magoti. Siku povu lilipopotea kwenye mkojo, mama alicheka peke yake chooni.

Tuliporudi Masaki, watu walijaa uani kumwona. Walimgeuzageuza, wakamminya miguu. "Jina limefanya kazi," wakasema. Kila mtu alilisema, kwa furaha kabisa. Maana mambo yalikuwa wazi: kabla ya jina mtoto alikuwa anakufa, baada ya jina kapona. Hospitali ilikuwa mahali alipokwenda kupumzika tu. Kupona kwa Sefu ndiko kulikokuwa ushahidi kwamba mama ni malaya.

Baba alimpa talaka wiki hiyohiyo. Watoto hubaki kwa baba, hivyo mimi na Sefu tulibaki, na mama akarudi kwao Dutumi. Kabla hajaondoka alinikalisha jikoni akanifundisha vile vidonge: vingapi, baada ya kula, visikosekane hata asubuhi moja, hata akionekana mzima. "Hasa akionekana mzima," alirudia. Bibi alikwishasema vidonge havina kazi tena. Nikawa namsagia Sefu kwa siri kwenye uji, na mboga yake naitoa chunguni kabla chumvi haijatiwa.

Siku za kliniki tulikwenda na shangazi Tatu, na mama alitungojea langoni. Alikuja na ndizi. Shangazi alimruhusu amtazame, lakini kumbeba alimkataza.

"Usije ukamharibu tena," alimwambia.

Mwanzoni Sefu alimkimbilia. Mara ya tatu alijificha nyuma ya shangazi. Nilikuwepo, niliona uso wa mama, na sijaona uso wa namna ile tena.

Nilijaribu kusema kweli. Nilikuwa na miaka kumi na mbili nilipomwambia bibi kwamba Juma hakuwepo. Hakukasirika. Alinishika shavu, akasema, "Unamtetea mama yako. Ni vizuri, mtoto wa kike awe na huruma." Baba alinichapa. Bibi alikufa akiamini alimwokoa mjukuu wake, na mazishi yake yalijaa watu aliowatibia watoto.

Sefu sasa ni mwanamume mrefu, fundi mitambo katika kiwanda kimoja Zegereni. Figo zake hazijamsumbua tena. Mimi nafanya kazi ya ofisini hapa Kibaha mjini, kwa hiyo tunaonana mara kwa mara. Alipooa, mama hakualikwa. Wiki moja baada ya harusi nilimwita kwangu, nikampikia, nikamweleza yote, kuanzia povu mpaka fulana nyekundu. Alisikiliza mpaka mwisho. Ni kijana mwenye adabu.

"Dada," akasema, "siku ile ulisema ulimwona. Leo unasema hukumwona. Nikuamini siku ipi?"

Nikamwongezea wali, naye akala.

Nimemlaumu bibi, nimemlaumu baba, nimemlaumu yule daktari ambaye huenda hatukumbuki. Siku hizi silaumu sana, nimechoka. Ninachokijua ni kwamba mama aliuza jina lake ili Sefu afike kwenye kile kijiti cha kupimia mkojo, na kwamba mimi nilikuwa shahidi wa mauzo. Ningerudishwa kwenye mkeka ule na kuulizwa upya, ningesema tena nilimwona. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba hata sasa sina kauli nyingine iliyokuwa bora.

Kila Idi nakwenda Dutumi, na Sefu haniagizi neno. Mama kazeeka, lakini bado analima. Tukishasalimiana, huuliza habari za Sefu kama anauliza habari za mvua.

"Mzima, mama. Anasema shikamoo."

"Marahaba," mama huitikia.