Ahadi ya Kuchuchumaa

Robota la mitumba likifunguliwa, harufu yake ya dawa na vumbi hunirudisha kwenye darasa letu la Sumbawanga. Masweta ya namna hiyo yalikuwa ndiyo kwanza yameanza kujaa sokoni, na kwa baridi ile darasa zima lilinuka hivyo.

Kila asubuhi tulisimama wima, mkono kifuani, tukaitamka ahadi kwa taifa kwa sauti kubwa na ya haraka, ili tukae. Siku moja msichana mgeni kutoka kijiji cha Kaoze alichuchumaa.

"Simama," alisema mwalimu, ambaye kwao ni mkoa wa mbali. "Asiyeahidi hasomi hapa. Utarudi kwenu."

"Ninaahidi, mwalimu. Ila mbele ya mkubwa hatuahidi tukiwa tumesimama."

"Taifa limekuwa babu yake," mmoja wetu alinong'ona, tukacheka.

Mwalimu alimwacha ajaribu. Msichana akapiga makofi taratibu, akaitamka ahadi neno kwa neno: atasema kweli, atawasaidia wenzake. Kisha akabaki palepale chini.

"Inuka basi, umemaliza."

"Bado sijajibiwa, mwalimu."

Kwetu Ufipa, anayeahidiwa naye hupiga makofi, kuonyesha kwamba amepokea na atakumbuka. Bila hayo, ahadi inakuwa haijamfikia mtu.

Mwalimu aliitazama bendera ukutani, akatutazama sisi. Akaiweka chaki mezani, akachuchumaa mbele ya yule msichana, akapiga makofi.

"Tumepokea, mwanangu," alisema.