Redio Kifuani mwa Mbwa

Marlys Tveit aliendesha greda la kukwangua theluji kwa miaka thelathini na moja kwenye barabara za milimani, Montana, na tangu astaafu hawezi kukaa ndani theluji ikishuka kwa wingi. Utamkuta asubuhi penye maegesho ya watelezaji, kikombe cha kahawa mkononi, uso umeshakunjwa. Hajatumwa na mtu wala halipwi. Humsimamisha kila anayepanda: redio ya kifuani, ile ya kukutafutia ukifukiwa na theluji, umewasha? Sepetu unayo? Unaelekea mteremko gani? Wapo wanaomshukuru. Wengi humwona kero, naye hana habari nao.

Februari moja, baada ya siku mbili za theluji na upepo, ubao wa tahadhari ya maporomoko ya theluji ulikuwa mwekundu. Likaja gari, wakashuka Garrick Pruett na mkewe Noelle, watu wa mjini, pamoja na mbwa wao Tofi. Marlys akawasha kifaa chake kupima redio zao. Ya Garrick ikalia. Ya Noelle ikalia. Kisha ikalia ya tatu, na mtu wa tatu hakuwepo.

Damu ikamchemka. "Nani kamvisha mbwa redio?"

"Mimi," alisema Garrick akitabasamu. "Tofi ni mtoto wetu, mama. Akifukiwa, na yeye atafutwe."

"Mvue."

"Ati?"

"Mvue! Au hiyo kofia imekuziba masikio?"

"Kwani wewe polisi?"

"Ningekuwa polisi saa hizi ungekuwa ndani!"

Garrick akacheka, akaonyesha mteremko uliokuwa juu ya misonobari. "Tulia, mama. Tunapita walipopita wenzetu jana. Alama zao zile pale."

"Alama zinakwambia jana haukuporomoka. Leo hazikwambii kitu! Mteremko mkali, theluji mpya imelalia ya zamani iliyolegea, na wewe unafuata alama za watu!"

Hasira hiyo haikuanza siku hiyo. Miaka sita nyuma Marlys alipanda na Dell Ostby, mwenzake waliyepokezana naye greda kwa miaka ishirini. Walivuka mmoja mmoja, kama inavyotakiwa. Dell alitangulia, mbwa wake nyuma yake. Theluji ya mteremko ikakatika, ikamzoa Dell na mbwa. Marlys akageuza redio yake itafute, ikamvuta hadi penye mlio wenye nguvu, akachimba kama kichaa. Kwenye mita moja na nusu akakuta mkia. Dell alikuwa amemfungia mbwa redio chini ya kikoti alichomvika, bila kumwambia Marlys. Mbwa alikuwa hai, akamlamba uso. Dell alikuwa hatua kumi kutoka pale, na alipofikiwa zilikuwa zimepita dakika thelathini na tano. Mazishini watu walisema marehemu alikuwa na moyo mzuri. Marlys akawajibu kwamba alikuwa na moyo mzuri na akili za kuku. Mpaka leo hajamsamehe.

"Redio haijui mbwa wala mtu," alimwambia Garrick. "Inakupeleka kwa aliye karibu, basi. Akifukiwa mkeo na huyo mbwa, utachimba wapi kwanza?"

"Nitajua tu."

"Utajuaje?"

Garrick akajishughulisha na mikanda ya mkoba wake. Noelle akamgeukia mumewe.

"Haya, tuseme umejua," alisema. "Redio imekwambia kabisa, hapa Tofi, pale Noelle. Unaanza na nani?"

"Noelle, usianze."

"Si swali dogo tu, mume wangu?"

Garrick alimtazama mbwa, kisha akamtazama mkewe. Alianza na mbwa, na wanawake wote wawili waliona.

"Tofi ni mdogo," alisema. "Kumtoa ni dakika moja, halafu mara moja nakuja kwako..."

Noelle alikuwa anavua mbao zake za kutelezea, moja, kisha ya pili. Garrick akapiga magoti haraka kwenye theluji, akaanza kufungua redio kifuani mwa mbwa.

"Namvua, unaona? Namvua."

"Umeshachelewa, Garrick," alisema Noelle, akanyoosha mkono. "Nipe funguo za gari."